Kutia Tabo Katika Motokaa ya Zamani

Nilipokuja kuitembelea shule yetu, vijana wa kidato cha tatu walinizunguka wakaniuliza: je, motokaa ya zamani yenye silinda nne yaweza kutiwa tabo ikapata nguvu? Niliwajibu kwa ufupi kwamba yaweza. Leo nataka kueleza jinsi ilivyo, pamoja na hasara niliyoipata mimi mwenyewe.

Injini hupumua kama mtu. Pistoni ikishuka huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Kilo moja ya petroli huhitaji kama kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Kwa hiyo kumimina petroli zaidi bila ya kuongeza hewa huleta moshi mweusi tu. Tena hewa ya kwetu ni nyepesi. Mji wa Kampala uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini ya kawaida hupungukiwa huku na sehemu moja katika kumi, au zaidi, ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa.

Tabo huondoa upungufu huo. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika shafti moja. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Laweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Jambo hili lilibuniwa na Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, mwaka 1905.

Sasa sikilizeni hatari yake. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Aliyejaza upepo baiskeli kwa pampu anajua. Joto likizidi, petroli hulipuka yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie, nayo hupiga pistoni kama nyundo. Ndiyo sababu BMW walipotengeneza motokaa yao ya 2002 Turbo mwaka 1973, yenye silinda nne, waliupunguza mgandamizo wa injini hadi 6.9 kwa 1. Hata hivyo nguvu zake zilikuwa farasi 170, na ndugu yake isiyo na tabo, 2002 tii, ilikuwa na 130.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa na Peugeot 504 aliyoiacha marehemu baba, ndiyo iliyokuwa ikibeba ndizi za mama kwenda sokoni. Nilinunua tabo kuukuu, nikaifunga, nikaacha mgandamizo na kabureta kama vilivyokuwa. Fundi mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, ongeza na petroli." Nilicheka. Siku ya tatu, nikipanda milima ya kuelekea Kabale, nilisikia sauti kama changarawe ndani ya debe. Badala ya kuondoa mguu nilikanyaga zaidi ili nilipite lori. Mara moshi wa buluu ukajaa nyuma yangu na nguvu zikaisha. Pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka. Kwa miezi minne mama alikodi gari la watu, wala hakunilaumu hata neno moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi atakaye kufanya kazi hii na ashike haya. Kwanza, apime injini: iliyochoka haifai. Pili, apunguze mgandamizo, acheleweshe kidogo moto wa plagi, na aongeze petroli kadiri hewa inavyoongezeka. Tatu, awe na mlango wa kupitishia moshi pembeni, ili tabo isivuke kipimo. Nne, atie rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia katika silinda. Tano, tabo ipate oili safi, na kabla ya kuzima injini baada ya safari ndefu aiache ingurume polepole dakika moja au mbili, oili isiungulie ndani. Mwisho, atazame breki, kwani ziliwekwa kwa mwendo wa zamani.

Nilipoifufua 504 niliyafuata yote, nayo yapanda milima bila kelele. Fundi yule mzee ndiye niliyempa funguo aijaribu kwanza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.