Ngoja Kikombe Kipoe: Funzo la Waonjaji Kahawa wa Ruiru na Thika

WATU wa Ufaransa na Afrika Kusini wana desturi ya kusafiri na marafiki kutoka shamba moja la mizabibu hadi jingine wakionja mvinyo. Hata hapa Kenya wako wanaokwenda Naivasha kwa shughuli kama hiyo. Lakini mkazi wa Ruiru au Thika hana haja ya kwenda mbali. Kinywaji chake cha kuonjwa kimo mlangoni pake, nacho ni kahawa.

Ziara ya kuonja kahawa ni burudani nzuri, na kwa daktari ina faida nyingine. Waonjaji wa kahawa wana mazoea ambayo, kama kila Mkenya angeyafuata anapokunywa chai yake ya asubuhi, huenda yangempunguzia hatari ya kupatwa na ugonjwa mbaya sana. Ugonjwa huo ni saratani ya umio, yaani ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Hivi majuzi niliandamana na marafiki watatu: mwalimu, mhasibu na fundi wa mitambo. Tuliondoka Nairobi Jumamosi asubuhi kwa barabara kuu ya Thika. Mhasibu alikuwa amependekeza twende Naivasha kwenye mvinyo. Tulipomkumbusha kwamba siku hiyo dereva alikuwa yeye, akakubali kahawa.

Nchi ya kahawa

Kahawa ililetwa Kenya mwaka wa 1893 na wamishonari Wakatoliki kutoka Ufaransa, ambao waliipanda Bura, katika nchi ya Wataita. Baadaye ilifika nyanda za juu, na mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wakafungua mashamba makubwa kati ya Ruiru na Thika. Hoteli ya Blue Posts, iliyo karibu na maporomoko ya mito ya Chania na Thika, ilianzishwa mwaka wa 1908. Mwandishi Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuwa na shamba la kahawa Thika, alisimulia utoto wake huko katika kitabu The Flame Trees of Thika cha mwaka wa 1959.

Ruiru nayo inajulikana na wakulima kote nchini kwa sababu ya kituo chake cha utafiti wa kahawa. Hapo ndipo ilipotoka aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, ambayo hustahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Aina ya Batian ilifuata mwaka wa 2010.

Siku hizi sehemu kubwa ya mibuni iliyokuwa ikionekana kutoka barabarani imeng'olewa na nyumba zimejengwa. Hata mji mpya wa Tatu City umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Kahawa iliyobaki, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi huuzwa ng'ambo. Wenyewe tunakunywa chai.

"Chai ikipoa si chai"

Shamba tulilotembelea liko kati ya miji hiyo miwili. Tulifika saa nne wakati wachumaji walikuwa mapumzikoni. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya mawe matatu, na chai ya maziwa ilikuwa ikichotwa moja kwa moja kutoka motoni na kutiwa katika vikombe vya bati.

Mchumaji hulipwa kwa kadiri ya madebe anayojaza. Kila dakika anayokaa chini ni matunda ambayo hajachuma. Kwa hiyo chai ile ilinywewa kwa haraka, huku watu wakiipuliza na kuivuta kwa midomo iliyokunjwa ili isiwaunguze.

Nilimwuliza mama mmoja kwa nini hangoji ipoe kidogo. Alicheka, akasema: "Daktari, chai ikipoa si chai."

Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi. Mgeni akiletewa chai isiyotoa mvuke, hudhani amedharauliwa. Mke wa nyumba huiweka katika thamosi ili ibaki ya moto hadi jioni, na mzee wa boma hujivunia kwamba yeye huinywa ikiwa inachemka.

Ndani ya chumba cha waonjaji

Kutoka hapo tulipelekwa katika chumba cha kuonjea. Juu ya meza ndefu palikuwa na bakuli ndogo zilizopangwa kwa safu, na kando yake ndoo ya kutemea mate.

Kazi hii ina utaratibu wake. Buni zilizokaangwa husagwa kwa chembe kubwa kiasi, na gramu nane hivi hutiwa kwa kila mililita 150 za maji. Maji huwa ya nyuzi 93 za sentigredi, ambayo kwa mwinuko wa Thika ni karibu sana na kuchemka, kwa kuwa huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kahawa huachwa dakika nne, unga ukielea juu kama ukoko. Ndipo mwonjaji huinamisha pua yake juu ya bakuli, huuvunja ukoko huo kwa kijiko na kuinusa harufu.

Baada ya hapo, husubiri tena. Kijiko cha kwanza huonjwa kama dakika nane hadi kumi baada ya maji kumiminwa. Ni kijiko kimoja tu, kinachovutwa pamoja na hewa nyingi kwa sauti ambayo mama mzazi angemchapa mtoto kwayo, kisha kahawa hutemwa ndooni. Mwonjaji hurudi kwenye bakuli lile lile tena na tena, na mara ya mwisho kahawa huwa vuguvugu.

Mwalimu aliuliza kwa nini wanahangaika na kahawa iliyopoa. Mwonjaji mkuu, mama wa makamo aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, alimjibu: "Moto huficha makosa, mwalimu. Kahawa mbaya ikiwa ya moto hujifanya nzuri. Ikipoa, husema ukweli."

Tulijaribu. Bakuli lililokuwa na uchungu tu lilipokuwa la moto, lilipopoa lilitoa uchachu wa ndimu na utamu wa matunda yaliyoiva. Jingine, ambalo fundi alikuwa amelisifu sana mwanzoni, lilipopoa lilikuwa na ladha ya gunia.

Kipimajoto hakidanganyi

Wenyeji wetu walituletea chai ya thamosi. Kipimajoto cha waonjaji kilikuwa mezani, nami nikaomba tupime. Chai iliyomiminwa wakati ule ule ilikuwa nyuzi 78. Fundi alikuwa tayari amekunywa nusu kikombe.

Tuliacha kikombe kingine mezani bila kifuniko. Baada ya dakika tano kilikuwa nyuzi 69. Ilibidi zipite dakika kumi ndipo kikafika nyuzi 61.

Kwa nini nyuzi hizo ni muhimu? Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Shirika hilo hilo lilisema kwamba kahawa yenyewe haikupatikana na hatia. Hapo awali, mwaka wa 1991, kahawa ilishukiwa kuleta saratani ya kibofu cha mkojo. Shaka hiyo iliondolewa mwaka wa 2016 baada ya ushahidi zaidi kuchunguzwa. Kwa hiyo linaloogopewa ni moto, kinywaji kiwe kahawa, chai, uji au hata maji matupu.

Uchunguzi mkubwa ulifanywa katika mkoa wa Golestan, Iran, ambako watu 50,000 hivi walifuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba waliokunywa mililita 700 za chai au zaidi kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 90 kuliko wale waliokunywa chai kidogo na iliyopoa.

Hapa kwetu, utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa pia mwaka wa 2019 uligundua kwamba mazoea ya kunywa vinywaji vya moto sana yalionekana zaidi kwa wagonjwa wa saratani hiyo kuliko kwa watu wasio na ugonjwa. Huko Kilimanjaro, Tanzania, watafiti waliopima vikombe vya wanakijiji walikuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na joto la karibu nyuzi 70.

Namna madhara yanavyotokea haishangazi. Ngozi laini ya umio ikiunguzwa kila siku, mara tatu kwa siku, kwa miaka 20 au 30, hujitengeneza upya kila mara. Chembe za mwili zinazozaliwa upya mara nyingi hivyo hupata nafasi nyingi za kukosea, na kosa moja laweza kuwa chanzo cha saratani.

Ugonjwa usiobisha hodi

Kenya iko katika ukanda wa Afrika Mashariki na Kusini ambao saratani hii imeenea kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, imewapata na ugonjwa huu hata watu wenye umri wa chini ya miaka 30, jambo ambalo ni nadra sana katika nchi nyingine.

Sitaki msomaji adhani kwamba moto wa chai ndio sababu peke yake. Sigara na pombe ni maadui wakubwa wa umio, na mtu anayetumia vyote viwili hujizidishia hatari. Watafiti pia wanachunguza moshi wa jikoni, upungufu wa matunda na mboga katika chakula, na afya ya meno.

Kuhusu pombe, mhasibu aliniuliza kama mvinyo kidogo haumsaidii mtu moyo. Nilimweleza kwamba mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Anayependa kuonja mvinyo na afanye kama waonjaji wenyewe wafanyavyo: ateme. Na hata akitema, gari na liendeshwe na mwingine.

Shida ya saratani hii ni kwamba haina maumivu mwanzoni. Mgonjwa huona nyama inakwama kidogo kifuani. Anakunywa maji, inashuka, anasahau. Baadaye ugali unakwama, naye anaanza kuula na mchuzi mwingi. Kisha anahamia kwenye uji. Anapofika kwa daktari, hata mate yanamshinda kumeza na suruali haikai kiunoni. Wakati huo, mara nyingi linalowezekana ni kumwekea mpira wa kupanua njia ili aweze kula, hali ugonjwa wenyewe umekwisha kuenea.

Ukigunduliwa mapema, kuna upasuaji, miale na dawa zinazoweza kuokoa maisha. Uchunguzi hufanywa kwa mpira mwembamba wenye kamera, uitwao endoskopi, unaopitishwa mdomoni. Haupendezi, lakini huchukua dakika chache tu.

Ufanye nini nyumbani?

Hakuna anayekuambia uache chai au kahawa. Mambo yafuatayo yanatosha:

1. Ngoja dakika kumi baada ya kumimina. Ikiwa huna nafasi ya kungoja, ongeza maziwa baridi, au mimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara kadhaa kama bibi zetu walivyofanya.

2. Tumia mdomo wako kama kipimajoto. Kama unalazimika kupuliza au kuvuta kwa hewa ndipo uweze kumeza, kinywaji hicho bado ni cha moto mno.

3. Usimpe mtoto uji wa moto. Mazoea ya utotoni hudumu hadi uzeeni.

4. Mwajiri mwenye wafanyakazi wa mikono, iwe shambani au kwenye mjengo, na aagize chai iepuliwe mapema kabla ya saa ya mapumziko. Haitamgharimu hata senti.

5. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vikombe vinne hivi vya kahawa kwa siku, na mama mjamzito asizidishe viwili vidogo. Mwenye upungufu wa damu na anywe chai au kahawa yake angalau saa moja baada ya chakula, kwa kuwa vinywaji hivi huzuia mwili kupata madini ya chuma.

6. Chakula kikianza kukwama, hata kama ni nyama tu na hata kama ni mara moja moja, usingoje kwa zaidi ya wiki mbili. Usinunue dawa za vidonda vya tumbo dukani ukijipa moyo. Nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi: "Chakula kinakwama." Maneno hayo mawili yanatosha kumfanya akupeleke kwenye endoskopi. Asipokupeleka, mwulize kwa nini.