Tofali la plastiki: Uliza kwanza, limechanganywa au limepikwa?

Swali la wiki hii limetoka kwa mama mwenye mtoto wa miaka minne anayesumbuliwa na pumu. Nyuma ya nyumba waliyopanga kuna vijana wanaokusanya chupa na madumu na kutengeneza pevingi, na mwenye nyumba ameshaweka oda ya kutandika uwanja mzima. Mama anauliza: tofali la plastiki lina madhara kwa mwanangu?

Ndugu msomaji, tofali likishapoa na kutandikwa siyo linalonitia hofu. Ninachotaka kujua ni namna lilivyotengenezwa, maana zipo njia mbili na mtaani zote zinaitwa jina moja.

Njia ya kwanza ni ya saruji. Plastiki huoshwa, husagwa kuwa chenga, kisha huchukua nafasi ya sehemu ya mchanga kwenye mchanganyiko wa zege. Saruji hukamata kwa kuungana na maji, haihitaji moto. Kwa hiyo plastiki haiyeyuki wala haitoi moshi. Inabaki imefunikwa ndani ya tofali. Kasoro yake ni ya kihandisi: plastiki ni laini na saruji haiishiki vizuri kama inavyoshika mchanga, hivyo kadiri chenga zinavyozidi ndivyo tofali linavyopungua nguvu. Linafaa kwa njia za miguu na kuta zisizobeba mzigo. Nguzo na zege la ghorofa mwachie mhandisi.

Njia ya pili haina saruji kabisa. Plastiki huyeyushwa, mchanga humwagiwa humo, na plastiki ikipoa ndiyo inayoshikilia mchanga. Nairobi iko kampuni ya Gjenge Makers, ya Nzambi Matee aliyepewa tuzo ya vijana ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwaka 2020, inayofanya hivyo kwa mashine za joto na mgandamizo. Plastiki huchambuliwa kwanza na joto hudhibitiwa. Sina ugomvi na kazi ya namna hiyo. Lakini nyuma ya nyumba ya mama yetu hakuna mashine. Kuna pipa la chuma, kuni chini yake, na kijana mwenye koleo.

Tatizo la pipa ni kwamba hakuna anayepima joto. Plastiki ya dumu huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, lakini ya chupa ya maji inataka karibu 250. Ukizichanganya, kabla ya chupa kuyeyuka dumu linaweza kuanza kuungua, na hapo ndipo moshi mweusi unapotoka. Moshi huo una chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto mwenye pumu, dakika chache zinatosha kubana kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, kwa hiyo usimfunge mtoto barakoa ukadhani umemkinga.

Mbaya kuliko zote ni plastiki ya mabomba ya maji na ya maganda ya nyaya za umeme. Sehemu kubwa ya uzito wake ni klorini. Ikipashwa moto hutoa gesi ya tindikali inayochoma macho na koo, na ikiungua hutengeneza sumu ziitwazo dayoksini. Hizi hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, na mojawapo inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa inasababisha saratani. Hutua pia ardhini, kuku wa kienyeji wakadonoa hapo, zikaingia kwenye mayai. (Mama unayenyonyesha, usiache kunyonyesha kwa ajili ya habari hii. Faida ya maziwa yako bado ni kubwa zaidi. Kinachotakiwa kuhama ni pipa.)

Kwa hiyo, mama, usianze na ugomvi. Waendee hao vijana, wanatafuta riziki, na chupa wanazookota zingebaki kwenye mitaro zikituama maji na kuzalisha mbu wa dengi. Waulize kama wanayeyusha au wanachanganya na saruji. Kama wanayeyusha, waombe wahamie mbali na makazi, waache mabomba, nyaya na makopo ya viuatilifu, au wabadili waende kwenye chenga na saruji. Wakikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata; kuchoma taka katikati ya nyumba za watu ni jambo linalowahusu. Siku wanapowasha, mtoto akae upande ambao upepo hautoki kwao, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Akianza kupumua kwa kasi, mbavu zikaingia ndani, akashindwa kumaliza sentensi au midomo ikabadilika rangi, mpe dawa ya kutanua njia ya hewa aliyoandikiwa, na umkimbize hospitali bila kungoja.

Pevingi za kuyeyushwa zikishatandikwa, usiweke jiko la mkaa juu yake. Zinalainika, na zinaweza kushika moto.

Neno kuhusu kuungua, maana watoto huvutwa na kazi za mafundi. Plastiki iliyoyeyuka ikimdondokea mtoto hugandia ngozini. Usiibandue, utatoka na ngozi. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, yai wala asali, na usiweke barafu.

Saruji mbichi nayo huunguza, ingawa haina moto. Ni kali kama magadi, na mara nyingi haiumi mwanzoni. Mtoto aliyechezea zege asubuhi anaweza kuanza kulia jioni, magoti yakiwa tayari na vidonda. Mvue nguo zilizolowa, pangusa unga mkavu kwanza, kisha osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, fungua kope na umwagie maji safi kwa dakika zisizopungua 20, halafu muende hospitali hata kama jicho linaonekana jeupe na mtoto amenyamaza.