Kati ya Altare na Tamasha: Maisha ya Mpiga Kinanda Louis Vierne

Jioni ya tarehe 2 Juni 1937, Kanisa Kuu la Notre-Dame mjini Paris, Ufaransa, lilikuwa limejaa watu. Louis Vierne, aliyekuwa mpiga kinanda wa Kanisa Kuu hilo kwa muda wa miaka 37, alikuwa ameketi katika roshani iliyo juu ya mlango mkuu, akitoa tamasha lake la 1,750. Alikwisha kupiga utungo wake wa mwisho uliopangwa, alioutunga kwa kumkumbuka mtoto marehemu. Ilibaki sehemu ya kubuni muziki papo hapo, na wazo la kuanzia alikuwa amepewa kwa maandishi ya nukta nundu, kwa maana alikuwa karibu kuwa kipofu. Hakuupiga muziki huo. Alianguka, na kama inavyosimuliwa, mguu wake ukakanyaga kibao cha sauti nzito, ikavuma peke yake kanisani. Mwanafunzi wake Maurice Duruflé alikuwa kando yake. Vierne alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 66.

Wanaomfahamu wengi humkumbuka kwa kifo hicho. Sisi tungependa kutazama zaidi ile kazi aliyoifanya Dominika baada ya Dominika, ambayo hakuna aliyempigia makofi.

Vierne alizaliwa Poitiers tarehe 8 Oktoba 1870, akiwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi alipasuliwa, akapata nuru kidogo tu. Baadaye alipelekwa katika shule ya taifa ya vijana vipofu mjini Paris, ile ile aliyosoma na kufundisha Louis Braille, mvumbuzi wa nukta nundu, ambaye (jambo lisilojulikana sana) naye alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Vierne alifundishwa na César Franck, kisha na Charles-Marie Widor, akawa msaidizi wa Widor katika kanisa la Saint-Sulpice. Mwaka 1900 alishinda mashindano ya kumpata mpiga kinanda wa Notre-Dame.

Hapa yafaa tueleze kinanda chenyewe. Kinanda cha mabomba hutoa sauti kwa hewa inayosukumwa ndani ya mabomba, kila bomba likiwa na sauti yake moja. Hiki cha Notre-Dame, kilichojengwa upya na fundi Aristide Cavaillé-Coll na kuzinduliwa mwaka 1868, leo kina mabomba yapatayo 8,000, safu tano za vibonyezo vya mikono, na vibao vya kupigwa kwa miguu. Mwaka 1906 Vierne alivunjika mguu vibaya barabarani, ikambidi ajifunze upya kupiga kwa miguu.

Katika tamasha mpiga kinanda ndiye anayesikilizwa. Huchagua nyimbo, huzipanga, na wasikilizaji humngoja amalize. Katika Adhimisho la Misa Takatifu mambo hugeuka: yeye ndiye anayengoja. Maandamano ya kuingia yaweza kuwa marefu au mafupi; uvumba waweza kuchukua dakika moja au nne; waamini wanaokwenda kupokea Komunyo hawahesabiki mapema. Utungo ulioandikwa hauwezi kukatwa katikati kama kitambaa. Ndiyo maana wapiga kinanda wa Ufaransa huzoezwa tangu ujana kubuni muziki papo hapo, mara nyingi wakitumia wimbo wa Kigregoriani wa siku hiyo, na kuumaliza kwa adabu mara Padre anapokuwa tayari. Kwa maoni yetu ustadi huo ni mgumu kuliko kupiga tamasha zima, na malipo yake ni kwamba hakuna anayeutambua.

Malipo ya fedha nayo yalikuwa haba. Vierne aliyetunga simfonia sita za kinanda, zinazopigwa hadi leo duniani kote, aliishi kwa kufundisha na kwa matamasha, kwa kuwa posho ya Kanisa Kuu haikumtosha. Vita Kuu ya Kwanza vilimwondolea mwanawe na ndugu yake. Kinanda chake nacho kilichakaa kwa kukosa matunzo, hata mwaka 1927 akasafiri Marekani, mtu asiyeona vizuri, akapiga matamasha mji kwa mji ili kupata fedha za kukitengeneza. Ukarabati ulikamilika mwaka 1932. Ni ajabu kidogo kwamba mpiga kinanda mwenyewe ndiye aliyelazimika kukitafutia fedha kinanda cha kanisa. Lakini kamati za fedha za parokia zitakazosoma haya huenda zisishangae.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia, unaagiza kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini, na unaruhusu ala nyingine zinazofaa matumizi matakatifu, kwa idhini ya mamlaka husika. Wakati wa Kwaresima kinanda na ala nyingine hupigwa ili kuwasaidia tu waimbaji, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kuhusu matamasha kanisani, barua iliyotolewa Roma mwaka 1987 inataka waamini waingie bila kulipa kiingilio, wanamuziki wasikae mahali pa Altare, na Ekaristi Takatifu, ikiwezekana, ihamishiwe katika kikanisa cha pembeni. Tamasha si Liturujia, na barua hiyo haitaki yachanganywe.

Tarehe 15 Aprili 2019 moto uliteketeza paa la Notre-Dame. Kinanda hakikuungua, lakini kilijaa vumbi la risasi. Kikafunguliwa, kikasafishwa na kurudishwa. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2024, Askofu Mkuu Laurent Ulrich alisimama mbele yake, akakiita mara nane kiamke. Kila alipoita, wapiga kinanda walimjibu kutoka roshanini kwa muziki waliobuni papo hapo.