Dubwana Lilitoka Maabarani au Ziwani? Kuhakiki Hadithi za Majaribio ya Jeni Yaliyokwenda Kombo

Makala haya yananuia kumsaidia mwalimu wa fasihi, pamoja na mtahiniwa wake, kuukabili utanzu ambao vitabu vyetu vya kutahiniwa huupita kando. Utanzu huo ni bunilizi ya kisayansi ya kutisha, hasa ile inayosimulia majaribio ya jeni yaliyokwenda kombo. Huenda msomaji akauliza mara moja: ya nini kupoteza wakati na kitu kisichotahiniwa? Ni swali halali. Jibu langu ni kwamba kinatahiniwa, ila mlango kinaopitia ni ule wa Karatasi ya Kwanza. Wanafunzi wetu hukiandika katika insha, nasi tunakisahihisha bila vigezo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya kutwa upande wa Migori, si mbali na ziwa, niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu insha ya kuanzia kwa maneno "Sikuyaamini macho yangu." Mmoja wao aliandika kuhusu mbuta. Mbuta wake alikuwa ameundwa na watafiti waliotaka samaki asiyeshindwa na ukame, basi wakamtia jeni za kamongo, yule samaki anayejizika matopeni maji yanapokauka na kuendelea kuishi. Usiku mmoja wavuvi wa omena wakaona taa zao zikizimika moja baada ya nyingine, kuanzia upande wa nchi kavu. Lugha ilikuwa safi na taharuki ilikuwepo. Nilimpa alama saba kwa ishirini na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Haiaminiki."

Neno hilo limenisumbua tangu hapo. Haiaminiki kwa kigezo gani? Kwa nini sikuwahi kuliandika pembeni mwa hadithi ya sungura anayemhadaa fisi?

Jini na mwanasayansi

Tofauti ya msingi ambayo mtahiniwa hana budi kuielewa ni ya chanzo cha ajabu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa sababu ya uovu waliomtendea ndugu yao. Anayewageuza ni jini. Msomaji haulizi jini alitumia kifaa gani, kwa kuwa kanuni ya ulimwengu ule ni ya kimaadili: mwovu huadhibiwa, na mwili wake ndio unaobeba hukumu. Hiyo ni fantasia.

Tukimwondoa jini na kumweka daktari mwenye kisu, tunapata The Island of Doctor Moreau ya H. G. Wells (1896), ambamo wanyama wanapasuliwa na kuundwa upya wafanane na watu. Hapa wanaogeuzwa hawana hatia yoyote. Uovu umehamia kwa anayegeuza. Hili ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wanafunzi wangu: katika fantasia ya kimaadili, tazama aliyegeuzwa amefanya nini, katika bunilizi ya kisayansi ya kutisha, tazama aliyegeuza alitaka nini.

Jambo la pili ni maelezo. Bunilizi ya kisayansi inawajibika kutoa sababu inayofanana na sayansi, hata kama sayansi hiyo haijawezekana. Mbuta wa mwanafunzi wangu alikuwa na sababu, nayo ilikuwa jeni za kamongo. Sababu hiyo inatokana na tabia halisi ya kamongo, anayejulikana na kila mtoto wa ufuoni. Kwa hakika mwanafunzi yule alikuwa amefanya kazi aliyoifanya Michael Crichton katika Jurassic Park (1990). Humo wanasayansi wanajaza mapengo ya jeni za dinosaria kwa jeni za vyura, kisha wanashangaa kuona wanyama waliokusudiwa kuwa majike watupu wakizaana, kwa vile wapo vyura wanaoweza kubadilika jinsia. Maafa yametokana na kiraka kilichotiwa ili kazi imalizike upesi. Wanafunzi wengi wanaijua hadithi hiyo kutoka kwenye mabanda ya video sokoni, mara nyingi ikisimuliwa kwa sauti ya DJ Afro, na mwalimu anayejifanya haijui anapoteza mfano wa bure.

Yapasa kuongeza hapa, kwa kuwa kosa hili hujirudia kila mwaka: katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, Frankenstein ni jina la muumbaji. Dubwana lenyewe halina jina. Kutopewa jina ni sehemu ya maudhui, maana Victor Frankenstein anakitoroka kiumbe chake mara tu kinapofungua macho. Kiumbe hicho kinajifunza lugha kwa kuwasikiliza watu kwa siri, na ukatili wake unaanza baada ya kukataliwa. Tena riwaya hiyo haihusu jeni, kwani Mendel alichapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866. Hata hivyo, ndiyo iliyoacha kiunzi ambacho hadithi za jeni zinakifuata mpaka leo.

Katika Kiswahili, riwaya iliyo karibu zaidi na utanzu huu nchini ni Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anasafiri kwa chombo cha angani hadi nchi ambayo jina lake, ukilitenganisha, linasema "wale ni sisi." Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, anakitumia chombo hicho kuihukumu jamii aliyoiacha chini. Haogopeshi, bali anaota. Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) nayo inaushambulia utandawazi kupitia safari ya ajabu. Tuna msingi, basi. Tulichokosa ni hofu ya maabara.

Mbuta kama matini

Sasa nirudi ziwani, maana mwalimu wa Homa Bay au Migori hana haja ya kwenda kisiwa cha Moreau. Mbuta mwenyewe ni mgeni. Aliletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa katika maji mengine kama vile Ziwa Albert. Nia ilikuwa njema kwa maneno: ziwa lilikuwa na fulu wengi, wadogo, wenye miba, ambao wakuu wa uvuvi waliwaona hawana thamani. Aletwe samaki mkubwa awale hao na kuwageuza minofu. Mtaalamu Geoffrey Fryer alionya kwa maandishi mwaka 1960 kwamba jambo hilo ni la hatari. Onyo halikuzuia kitu.

Kwa miaka ishirini hivi hapakuonekana jambo kubwa. Kisha katika miaka ya 1980 mbuta walifurika, na fulu wakatoweka kwa kasi ambayo wanabiolojia huitaja hadi leo kama miongoni mwa maangamizi makubwa ya wanyama wenye uti wa mgongo katika zama zetu. Hukadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Mbuta anaweza kukaribia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Nyama yake ina mafuta mengi, hivyo haikauki juani kama ya samaki wadogo. Ikahitaji moshi, na moshi ukahitaji kuni.

Hapa pana uhandisi jeni? Hapana, hata kidogo. Mbuta hakubadilishwa jeni, na mtahiniwa anayeandika hivyo apoteze alama. Lakini viungo vya masimulizi vimo vyote: nia iliyovaa vazi la manufaa, onyo lililopuuzwa, kimya cha muda mrefu kinachojenga taharuki, halafu mfumuko. Kuna pia kinaya ambacho mwandishi wa hadithi angejivunia kukibuni. Dubwana hilo lililipa karo. Wako walimu wanaosoma makala haya waliosomeshwa kwa fedha za mbuta. Kwa hivyo mwanafunzi akikuambia kwamba mbuta ni mhusika mwovu, mwulize nyanyake aliuza nini sokoni.

Wala tusiwafunze kwamba kila kilicholetwa na wataalamu ni balaa. Gugumaji lilipoziba ghuba zetu katika miaka ya 1990, watafiti waliachilia wadudu wadogo, aina ya fukusi, walile, na kwa miaka kadhaa lilipungua sana. Huo nao ulikuwa uamuzi wa kuingiza kiumbe kigeni ziwani. Hakuna mtu aliyeuandikia hadithi ya kutisha, na sababu yake ni ya kisanaa: mambo yakienda sawa hakuna mgogoro, na pasipo mgogoro hakuna ploti.

Kushindwa kusiko na kelele

Mfano wa hapa nyumbani wa jaribio halisi la jeni lililoshindwa ni wa viazi vitamu. Kuanzia mwaka 2000, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI, ikishirikiana na kampuni ya Monsanto ya Marekani, ilijaribu viazi vilivyotiwa jeni ya kuvikinga dhidi ya virusi. Vilisifiwa sana duniani kabla hata ya mavuno. Mwaka 2004 ikaripotiwa kwamba havikuwa na kinga iliyotarajiwa. Basi. Hakuna kiazi kilichoota meno. Ukiwasimulia hayo wanafunzi wa Kabondo, ambako viazi vitamu ni uhai wa soko, wanacheka, halafu wanauliza swali zuri: sasa hadithi iko wapi? Iko katika ile sifa iliyotangulia mavuno. Mwandishi mwenye jicho angeweza kuandika riwaya nzima juu ya hotuba zilizotolewa kabla ya shamba kuchimbwa.

Linganisha na mwaka 2012. Mwezi Septemba utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini ulitolewa ukiwa na picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO, wakiwa na uvimbe mkubwa mwilini. Mwezi Novemba Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo. Jarida lililouchapisha utafiti liliuondoa mwezi Novemba 2013, likieleza kwamba panya walikuwa wachache na wa jamii inayopata uvimbe kwa urahisi, hivyo matokeo hayakuthibitisha jambo. Marufuku iliondolewa na serikali Oktoba 2022, na mzozo ukahamia mahakamani. Sisemi mahindi hayo ni mema au mabaya. Mimi ni mwalimu wa lugha. Ninachosema ni kwamba picha za panya zilifanya kazi ya mbinu ya kutisha: zilionyesha mwili ulioharibika na kumwachia mtazamaji ajaze chanzo. Mtahiniwa anayeweza kueleza mbinu hiyo katika hadithi ataitambua pia katika gazeti.

Mwanafunzi aliyebaki nyuma

Nilidhani nimeuelewa utanzu huu vizuri mpaka siku moja niliyofundisha uhusika wa dubwana. Nilichora ubaoni mshale: jeni yenye kasoro, mwili wenye kasoro, tabia yenye kasoro. Ulikuwa mchoro rahisi kukumbukwa mtihanini. Kengele ilipolia, mwanafunzi mmoja alibaki kwenye dawati. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao darasa zima lilijua kwa kuwa mara kwa mara alikuwa akilazwa. Akaniuliza, bila hasira, "Mwalimu, mshale huo unanihusu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Eneo la ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye selimundu kwa wingi. Jeni yake haikutoka maabara yoyote: mtu anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana imedumu penye mbu. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Mshale wangu ulikuwa umemweka mtoto huyo upande wa madubwana.

Tangu siku hiyo niliufuta mshale wa tatu. Jeni inaweza kubadilisha mwili. Tabia ya dubwana inatokana na jinsi linavyotendewa, kama Mary Shelley alivyoonyesha miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Pia huwaeleza wanafunzi kwamba mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa watoto pacha aliowahariri jeni, akahukumiwa kifungo mwaka 2019. Na kwamba mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia uhariri wa jeni, Marekani ikafuata Desemba. Mkasi wa jeni ni wa aina moja. Bei ya tiba hiyo Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nilipoitaja bei hiyo, darasa lilinyamaza kuliko liliponyamaza kwa dinosaria yeyote. Ukitafuta kitisho cha karne hii katika utanzu huu, anza na bei hiyo.

Ile insha ya mbuta niliisahihisha tena, ingawa mwenyewe alikuwa amekwisha kuhitimu. Nilimpa kumi na tano. Zile tano zilizobaki alizipoteza kwa sababu watafiti wake hawakuwa na nia yoyote zaidi ya kuwa wabaya, na kwa sababu alimwua mbuta kwa radi katika aya ya mwisho, jambo ambalo ni kumrudisha jini kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu akitaka zoezi, ninatumia hili: "Andika kisa ambacho watafiti wanaleta ziwani samaki mpya. Kisa kisimuliwe na mchuuzi wa samaki anayemuuza samaki huyo." Katika kusahihisha, tazama kwanza kama mchuuzi ana sababu ya kumtaka samaki huyo aendelee kuwepo. Wasiompa sababu huwa wengi, na hao huwarudishia karatasi waanze upya.