Kanuni za Maendeleo Endelevu katika Sera ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi: Mfano wa Kisiwa cha Pemba

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Pemba hakifiki kilomita za mraba 1,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 406,848 katika mikoa yake miwili, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 543,441. Katika muda wa miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 136,000, yaani takriban theluthi moja, ilhali ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Kwa wastani, kila kilomita ya mraba sasa inabeba zaidi ya watu 540, nao wote wanaitegemea ardhi hiyohiyo kwa makaazi, mpunga, muhogo, karafuu, kuni, mawe ya ujenzi na maji ya kunywa.

Katika hali hiyo, upangaji wa matumizi ya ardhi hauwezi kuchukuliwa kuwa kazi ya wataalamu wa ramani peke yao. Kila uamuzi wa kuliacha bonde libaki bonde, au kuliruhusu ligeuke viwanja vya nyumba, ni uamuzi juu ya nani atakula na nani atakosa katika kizazi kijacho. Makala haya yanafafanua namna kanuni za maendeleo endelevu zilivyoingia katika sera na sheria za ardhi za Zanzibar, na namna zinavyofanya kazi, au zinavyoshindwa kufanya kazi, katika ngazi ya shehia kisiwani Pemba. Hoja kuu ni kwamba kanuni hizo zimeleta matokeo pale zilipogeuzwa kuwa haki na wajibu wa watu maalumu juu ya eneo lenye mipaka inayojulikana, na zimebaki kuwa maneno pale zilipoishia katika waraka wa kisiwa kizima.

2.0 Kanuni zinazohusika

Dhana ya maendeleo endelevu ilipata umaarufu kupitia ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, na ikapewa uzito wa kisiasa katika mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992. Kiini chake ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi kilichopo bila kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kukidhi mahitaji yake. Kwa madhumuni ya makala haya, kanuni nne zinazotokana na dhana hiyo zinatosha.

Ya kwanza ni uadilifu baina ya vizazi, ambayo inamtaka mtumiaji wa leo ajione kuwa mdhamini. Ya pili ni tahadhari: pale ambapo madhara hayarekebishiki, kukosekana kwa uhakika wa kisayansi si sababu ya kuacha kuchukua hatua. Ya tatu ni ushirikishwaji, kwa maana kwamba wanaoathiriwa na uamuzi wawe na sauti katika kuufanya. Ya nne ni muunganiko, yaani kilimo, misitu, makaazi, utalii na maji visipangwe kila kimoja peke yake kana kwamba kila wizara ina kisiwa chake.

Kwa msomaji wa Pemba, kanuni ya kwanza si ngeni. Taasisi ya wakfu, ambayo mali yake hutumika bila kuuzwa ili manufaa yawafikie waliopo na watakaokuja, imekuwa sehemu ya maisha ya Waislamu wa pwani kwa karne nyingi. Kilicho kipya ni kuitaka mipango ya dola nayo ifuate mantiki hiyo.

3.0 Ardhi ya Pemba na urithi wa umiliki wake

Ardhi ya Pemba si ya namna moja. Upande wa magharibi na katikati kuna vilima vya udongo mzito, ndiyo nchi ya mikarafuu. Baina ya vilima hupita mabonde yenye maji, ambayo ndiyo mashamba ya mpunga. Upande wa mashariki na kaskazini-mashariki, hasa Micheweni, kuna maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, ambako watu huchanganya kilimo cha muhogo na mtama, ukataji wa kuni, uvuvi na ukulima wa mwani. Pembezoni, hasa katika hori za magharibi, kuna mikoko.

Juu ya maumbile hayo kuna tabaka za kihistoria. Kwa mila, mwenye mti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na hadi leo mkarafuu hurithiwa na kuhesabiwa kando na udongo unaousimamisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya umma, na maelfu ya familia zikagaiwa mashamba ya eka tatu tatu. Mgao huo ulikuwa wa kutumia, si wa kuuza. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992 ilithibitisha kwamba ardhi ni ya umma chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar, na kwamba anachokuwa nacho raia ni haki ya matumizi.

Ni muhimu kukumbuka pia kwamba ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, ambazo zinavipa vijiji vya Tanzania Bara halmashauri na mikutano mikuu yenye mamlaka juu ya ardhi, hazitumiki Zanzibar. Shehia ya Pemba si kijiji kwa maana hiyo ya kisheria. Sheha huteuliwa, na anaposhuhudia makubaliano ya ardhi anakuwa shahidi wa serikali. Si msemaji wa chombo kinachomiliki. Mtafiti anayelinganisha pande mbili za Muungano bila kuitazama tofauti hii huishia kuilaumu shehia kwa kutotumia mamlaka ambayo haikupewa.

4.0 Njia ambazo kanuni ziliingia katika sera

Mwaka 1989 iliundwa Kamisheni ya Ardhi na Mazingira, na kwa msaada wa Finland ikaendesha mpango wa usimamizi wa pamoja wa ardhi na mazingira. Jina la chombo hicho lenyewe lilikuwa tamko la kanuni ya muunganiko: ardhi na mazingira chini ya paa moja. Tunda lake kubwa lilikuwa Mpango wa Taifa wa Matumizi ya Ardhi wa mwaka 1995, ambao uliitazama Zanzibar nzima na kubainisha maeneo ya kilimo, misitu, makaazi na utalii.

Mwaka uliofuata zilipitishwa sheria mbili zenye uzito. Sheria Na. 2 ya 1996 ilibeba maneno “maendeleo endelevu” katika jina lake, na ikaweka tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti kwa miradi mikubwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar Na. 3 ya 2015. Sheria Na. 10 ya 1996 kuhusu misitu ilikwenda mbali zaidi kwa njia moja: iliruhusu jamii kuingia makubaliano na serikali na kukabidhiwa usimamizi wa msitu ulio jirani nayo. Hapa kanuni ya ushirikishwaji ilipata umbo la mkataba.

5.0 Pale kanuni zilipopata mwenyewe: Misali na Ngezi

Kisiwa kidogo cha Misali, magharibi ya Pemba, kinatoa mfano ulio wazi. Masimulizi ya wenyeji yanakihusisha na Nabii Hidhri, ambaye kwa kukosa msala alikitumia kisiwa hicho kuswalia. Wavuvi wa vijiji vingi hufanya dago hapo, na riziki yao inategemea matumbawe yanayokizunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na azma ya kukitumia kisiwa kwa hoteli ya kitalii. Wavuvi walipinga, na mwaka 1998 Misali kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, ambamo jumuiya ya watumiaji ilipewa nafasi katika usimamizi. Mwaka 2005 hifadhi hiyo iliingizwa katika Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, linaloenea katika ukanda mrefu wa pwani ya magharibi.

Jambo la kuzingatia ni namna hoja ilivyojengwa. Uhifadhi wa Misali haukuelezwa kwa lugha ya wanasayansi peke yake. Mafunzo ya dini kuhusu amana na kutofanya uharibifu yalitumiwa kuwazungumzia wavuvi. Hivyo kanuni ya kimataifa ilikutana na msamiati ambao watu walikuwa nao tayari, na eneo lilikuwa na mipaka ambayo kila nahodha aliijua.

Ngezi, kaskazini-magharibi, ni mfano wa pili. Huo ndio msitu mkubwa wa asili uliosalia Pemba, na ni miongoni mwa makaazi ya popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwengineko duniani. Mradi wa Hifadhi ya Misitu ya Asili, ujulikanao kwa kifupi HIMA, ulioanza mwaka 2010, ulisaidia shehia nyingi za Unguja na Pemba kuandaa makubaliano ya usimamizi wa misitu. Kila shehia iliyohusika ilikuwa na kamati ya uhifadhi, ramani ya kanda za kutumia na kutotumia, na kanuni ndogo za faini. Katika ramani hizo, pengine kwa mara ya kwanza, mpango wa matumizi ya ardhi ulichorwa na watu wanaoyajua mawe na miti kwa majina.

6.0 Pale kanuni zilipokosa mwenyewe: mabonde na makaazi

Hali ni tofauti katika ardhi ambayo si msitu wala hifadhi, nayo ndiyo sehemu kubwa ya kisiwa. Familia iliyopewa eka tatu katika miaka ya 1960 sasa ni familia ya wajukuu na vitukuu. Shamba ambalo kwa sheria halikukusudiwa kukatwakatwa limegawanyika kwa mirathi, na kijana anayeoa hujenga pale anapopata, mara nyingi kandokando ya barabara zinazoingia Chake Chake, Wete au Konde. Nyumba moja haionekani kuwa tatizo. Nyumba hamsini zilizojengwa vivyo hivyo huziba njia za maji, hukata mikarafuu na kulibana bonde lililokuwa likilisha mtaa mzima.

Mabonde nayo yanashambuliwa kutoka upande wa pili. Katika sehemu kadhaa za pwani ya Pemba maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga, na wakulima wameyahama. Pale mikoko ilipokatwa, ukuta wa asili uliokuwa ukiyazuia maji umeondoka. Hapa kanuni ya muunganiko inajidhihirisha kwa kutokuwepo kwake: mkataji wa mikoko anasimamiwa na idara moja, mkulima wa mpunga na nyingine, na mjenzi na nyingine tena, lakini bahari inawapitia wote kwa pamoja.

Si kwamba sera haina la kusema. Mpango wa 1995 na mikakati iliyofuata ilitaka ardhi yenye rutuba ilindwe na makaazi yakusanywe. Upungufu uko kwengine. Mpango ulichorwa kwa kipimo cha visiwa, ilhali uamuzi wa kujenga hufanywa ndani ya familia, juu ya robo eka, mbele ya sheha na mashahidi wawili. Baina ya viwango hivyo viwili hapana ramani ya shehia yenye nguvu ya sheria inayomwambia mwanafamilia wapi ajenge badala ya bondeni. Katazo lisilo na mbadala huwa ni adhabu tu, na viongozi wa mtaa, ambao nao ni jamaa na majirani, huona uzito kulitekeleza.

7.0 Gharama za uhifadhi na suala la haki

Ingekuwa kosa kuyachukulia mafanikio ya misitu kuwa ni faida tupu. Kanda ya kutokata ndani ya shehia moja inaweza kuhamishia ukataji katika shehia jirani isiyo na makubaliano. Aidha, mzigo hauangukii wote sawa. Wakaazi wa maweni, ambao hawana mikarafuu, ndio wanaotegemea zaidi kuni na chokaa, na miongoni mwao ni wanawake wanaotembea masafa marefu zaidi kanda inapofungwa. Mradi wa HIMA ulitarajia kwamba biashara ya kaboni ingelipa gharama hiyo. Mapato hayo hayakugeuka kuwa chanzo cha kudumu kwa kamati.

Kwa hiyo, uadilifu baina ya vizazi haupaswi kutenganishwa na uadilifu ndani ya kizazi kimoja. Sera inayomtaka mkata kuni wa Micheweni ajinyime kwa ajili ya mjukuu wake, huku ikimruhusu mwenye uwezo kujenga juu ya bonde, haitatambuliwa na wananchi kuwa ni ya haki, hata kama maneno yake ni mazuri.

8.0 Hitimisho

Mfano wa Pemba unaonyesha kwamba kanuni za maendeleo endelevu zimekuwa ndani ya sheria za Zanzibar kwa zaidi ya robo karne. Upungufu uliopo si wa kanuni, bali wa ngazi: kanuni zinakaa juu, na ardhi inagawanywa chini. Misali na Ngezi zinaonyesha kwamba umbali huo unaweza kufupishwa pale penye mipaka inayojulikana, watu wenye haki na wajibu, na lugha ya uadilifu inayoeleweka.

Inafuata kwamba hatua yenye tija zaidi ni kulipeleka umbo la makubaliano ya misitu katika ardhi ya kilimo na makaazi: ramani ya matumizi kwa kila shehia, iliyochorwa na wakaazi pamoja na wataalamu wa wizara inayohusika na ardhi, yenye nguvu ya kisheria, na inayotaja si tu pasipojengwa bali pia patakapojengwa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna mirathi inavyoweza kugawanya manufaa ya shamba bila kulikatakata shamba lenyewe. Bila ya hayo, mabonde ya Pemba yataendelea kupungua kwa kipimo cha nyumba moja moja, na hesabu yake itakuja kuonekana siku ambayo hayarudishiki tena.