UKITOLEWA KIPANDE CHA INI, USIKIMBILIE BASI

Ini lako liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Limejaa damu. Likichomwa, linaweza kuvuja.

Kwa nini basi lichomwe? Huenda una uvimbe kwenye ini, au macho yako ni ya manjano na hayaponi. Daktari wa Magunga, Korogwe, au wa Bombo, Tanga, asipopata sababu, anaweza kukupeleka Muhimbili. Huko daktari hupitisha sindano katikati ya mbavu, akatoa kipande chembamba kama uzi. Kipande hicho hupimwa kwa hadubini. Mwaka 2018 wataalamu kutoka Marekani walianza kuwafundisha madaktari wa Muhimbili kuongoza sindano kama hiyo huku wakitazama picha.

Wengi hawapati shida. Wachache huvuja damu, hasa katika saa mbili za kwanza. Karibu wote wanaovuja hugunduliwa kabla ya saa 24 kwisha. Ndiyo maana unaambiwa ulale kitandani, na muuguzi anakuja kupima mapigo ya moyo mara kwa mara.

Hapa ndipo tunapokosea. Tunaona tundu dogo, bandeji kavu, tunawahi basi la Handeni. Lakini damu hii haitoki nje. Inajikusanya tumboni. Kizunguzungu kitakupata Chalinze, na daktari umemwacha Dar es Salaam. Omba kulala kwa ndugu aliye karibu na hospitali, hata kama shamba linakungoja.

Sema mara moja ukiona haya: tumbo kuuma na kukaza, bega la kulia kuuma, jasho la baridi, moyo kwenda mbio. Usijikaze kiume.

Daktari atatumia altrasaundi, mashine ile ile wanayopimwa mama wajawazito. Haiumi. Damu iliyomwagika huonekana nyeusi kando ya ini. Lakini damu iliyoanza kuganda hufanana na ini lenyewe, hivyo kipimo hurudiwa, au unapelekwa kwenye siti skani. Mashine hiyo, pamoja na dawa inayopitishwa kwenye mshipa, huonyesha mahali panapovuja.

Mara nyingi damu hukoma yenyewe ukipumzika. Pengine utaongezewa damu, au mshipa utazibwa.

Siku chache baadaye, ukiwa nyumbani, ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chukua na karatasi ulizopewa, wajue kwamba ini lilichomwa.