Runinga ya Mama Ndani ya Tumbo la Ndege

Ikifika Mei, sebule zetu hapa Louisville huanza kufanana. Kwenye kona kuna masanduku mawili yaliyofunguliwa, mizani ya kuning'iniza iko juu ya meza, na nyuma ya kochi kuna kile kitu ambacho watoto wameonywa wasikiguse: runinga ya Mama. Ilinunuliwa Novemba, wakati wa bei za punguzo, na imekaa pale miezi yote ikisubiri tiketi. Mama ameshaambiwa. Majirani wa Mama nao wameshaambiwa, na Mama mwenyewe. Ndiyo maana ikifika imepasuka, hasara si ya dola mia mbili peke yake.

Nimeulizwa swali hili kanisani, kwenye mahafali ya watoto wetu, na hata kwenye lifti ya hospitali ninayofanyia kazi: "Dada, kitu cha kioo kinaweza kweli kwenda kama mzigo wa ndege kikafika kizima?" Kinaweza. Nimeona runinga zikifika Entebbe na Kigali bila mkwaruzo, na nimeona nyingine ikitolewa boksini mbele ya wajomba na shangazi, ina mstari mweusi kutoka kona hadi kona. Bahati ilichangia kidogo sana, na kibandiko chekundu cha "Fragile" kilichangia kidogo zaidi. Mkanda wa mashine hausomi kibandiko, na mpakiaji mwenye ndege nzima ya kujaza hana nafasi ya kubembeleza boksi lako.

Kabla ya kutafuta boksi, geuza runinga uangalie nyuma. Umeme wa Marekani ni volti 120. Kenya na Uganda ni 240, Tanzania 230, Kongo 220. Ukikuta imeandikwa 100–240V, 50/60Hz, endelea. Ukikuta 120V peke yake, simama hapo hapo. Runinga nyingi zinazouzwa hapa ni za namna hiyo, na ikichomekwa ukutani kwa Mama itaungua jioni ya kwanza, hata kama uliifunga kwa ustadi gani. Kuna watu hubeba transfoma ya kupunguza umeme. Mimi siipendi njia hiyo: ni nzito, na siku moja mjukuu ataikwepa na kuchomeka waya moja kwa moja.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mitambo ya kupokea matangazo ya dijitali ya Marekani si ile ya Afrika Mashariki. Runinga ya huku haitanasa vituo vya kule kwa antena yake yenyewe. Itahitaji king'amuzi na waya wa HDMI. Familia nyingi wana king'amuzi tayari, lakini uliza kwanza ili siku ya kufungua zawadi isiishie kwenye skrini ya bluu.

Sasa chukua futi kamba. Kipimo kilichozoeleka kwa tiketi za kawaida ni kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Uzito wa runinga za siku hizi hausumbui, ukubwa ndio unaosumbua. Ya inchi 32 bila miguu yake ina takriban sentimita 73 kwa 43 kwa 8. Ukiizungushia povu gumu la sentimita 5 kila upande unapata 83 kwa 53 kwa 18, jumla 154. Umebakiwa na sentimita nne za karatasi ya boksi, kwa hiyo pima kwa nje baada ya kufunga. Ya inchi 43 kwa hesabu hiyo hiyo inafika karibu 190, na hapo unalipia mzigo uliozidi kipimo, tena si kila ndege itaukubali. Baadhi ya kampuni husimamisha mizigo ya ziada kwenye njia fulani wakati wa kiangazi na Krismasi, yaani wakati ule ule sisi tunasafiri.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaonuna: kuanzia inchi 43 kwenda juu, peleka pesa inunuliwe huko. Maduka ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yanazo, zikiwa na volti sahihi na risiti ya hapo hapo. Lakini namwelewa anayekataa. Runinga ya dukani Kariakoo ni runinga tu, na iliyotoka Amerika mkononi mwa mwanawe Mama ataifunika kitambaa cha kufuma. Basi chukua ya inchi 32, nayo itafunikwa vile vile.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni idadi ya mikono. Louisville, Columbus na Buffalo zote zina viwanja vizuri, ila hakuna hata kimoja chenye ndege ya moja kwa moja kwenda Afrika. Tuseme tiketi yako ni Louisville, kisha mji mwingine wa Marekani, kisha Ulaya, kisha Nairobi, halafu Kigali. Hizo ni ndege nne: boksi linapakiwa mara nne na kushushwa mara nne, bila kuhesabu mikanda na vigari vya katikati. Hatua ya kwanza mara nyingi ni kwa ndege ndogo yenye mlango mdogo wa mizigo. Mzigo mpana unaweza kulazwa chali, au ukaachwa usubiri ndege nyingine.

Ukiweza, ruka hatua hiyo ya kwanza kwa gari. Kutoka hapa hadi Chicago ni kama kilomita 480, na Ethiopian wana safari za Chicago kwenda Addis Ababa. Watu wa Columbus wana Washington, mbali kidogo, kama kilomita 640. Kenya Airways nao wanaruka moja kwa moja kutoka New York JFK hadi Nairobi tangu Oktoba 2018. Wa Buffalo wako karibu zaidi na Toronto, kama kilomita 160, na Ethiopian wapo pale pia, mradi hati zako zinakuruhusu kuingia Kanada. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi aulize jambo hili kabla ya kununua tiketi, asisubiri kufika mpakani.

Kama unaunganisha ndege, nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Ukinunua Louisville–New York peke yake na New York–Entebbe peke yake, utalazimika kuuchukua mzigo na kuukabidhi upya, na kipande cha kwanza kitahesabiwa kuwa safari ya ndani ya Marekani, chenye kanuni zake tofauti. Kwenye tiketi moja, safari yote ni ya kimataifa tangu unapoondoka nyumbani. Tutaona chini kwa nini hilo lina maana.

Kwenye kufunga, hapa Louisville tuna walimu wa bure. Ndugu zetu wengi hufanya kazi za usiku Worldport, kituo kikuu cha UPS kilichopo kwenye uwanja wetu wa ndege. Mwulize yeyote kati yao boksi huangukaje. Atakwambia huangukia kona, na kwamba boksi linalotoa sauti ukilitikisa limeshavunjika, bado kufunguliwa tu.

Wodini, mgonjwa aliyeumia shingo hatumrundikii mablanketi tukasema yuko salama. Tunazuia shingo isicheze. Runinga ni hivyo hivyo. Mablanketi na vitenge vinavyozungushwa ni laini, ila vinabonyea, na kitu kinaanza kusogea ndani. Adui wa kioo kile chembamba ni kukunjwa na kusukumwa usoni. Toa miguu, uifunge pembeni. Rudisha zile kona za povu za kiwandani, usizitupe kamwe. Mbele ya kioo weka povu bapa, kisha ubao mwembamba wa plaiwudi unaofunika uso wote na kuegemea kwenye fremu, usiguse kioo. Jaza kila pengo. Usichomeke viatu, mafuta ya nywele wala kopo la maziwa kwenye nafasi iliyobaki, hata kama shangazi ameomba. Kitu kigumu kilichowekwa karibu na kioo ndicho kitakachokipasua. Boksi liwe jipya na gumu, na selotepu ipite katikati na kwenye kingo zote mbili, juu na chini.

Kumbuka pia kwamba kila mzigo unaoingia ndege za Marekani hukaguliwa na TSA, na wana haki ya kuufungua wewe ukiwa haupo. Wakifungua huacha karatasi ya taarifa ndani. Kwa hiyo funga kwa namna ambayo mtu asiyekujua anaweza kufungua na kurudisha. Dada mmoja wa hapa hubandika picha juu kabisa, ndani ya boksi, inayoonyesha kila kipande kilivyokaa, na chini yake ameandika kwa Kiingereza ombi fupi la kurudisha hivyo. Nimeiga wazo lake na sijaliacha.

Zawadi nyingine zina siri zake. Familia moja ya Buffalo ilipeleka seti ya sahani za udongo kwa harusi ya Bujumbura, sahani ishirini na nne, na zote zilikaliwa mezani siku ya harusi. Walizisimamisha kwa ukingo kama vitabu rafuni, kila moja na karatasi yake, katika maboksi mawili madogo badala ya moja kubwa. Sahani iliyolala chali hubeba uzito wa zote zilizo juu yake. Kwa wanafunzi wa Columbus wanaotaka kumpelekea Baba picha ya mahafali kwenye fremu kubwa ya kioo, jibu ni fupi: viringisha picha, itie kwenye bomba gumu, ingia nayo ndani ya ndege. Mafundi fremu wapo kila mji wa nyumbani, na Baba atafurahi kuchagua rangi ya mbao.

Kwenye kaunta piga picha: boksi likiwa wazi kabla ya kufungwa, boksi limefungwa, na lebo yenye namba. Huenda mfanyakazi akakupa lebo ya kusaini kwamba kitu ni dhaifu au hakikufungwa vizuri. Soma kabla ya kusaini, kwa sababu sahihi hiyo itatolewa siku ya madai. Kama anasema halikufungwa vizuri, mwombe akuonyeshe wapi, rekebisha pale pale. Beba selotepu kwenye mkoba.

Safari za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Marekani, Kenya na Tanzania ni wanachama. Kampuni ikishapokea mzigo na ukaharibika mikononi mwake, inawajibika, na kifungu cha mkataba wake chenye kujiondolea wajibu huo hakina nguvu. Inaweza kujitetea kwamba uharibifu ulitokana na udhaifu wa kitu chenyewe, na hapo ndipo picha zako za ufungaji zinapofanya kazi. Kiwango cha juu tangu 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya hesabu ya IMF, karibu dola 2,000, tena kwa abiria na mizigo yake yote, si kwa kila boksi. Kama zawadi ina thamani kubwa zaidi, unaweza kutangaza thamani yake kaunta na kulipa ada ya ziada.

Ukifika, usikimbilie kukumbatiwa nje. Risiti ya duka iwe karibu, maana forodha wataiuliza kwa kitu kipya ndani ya boksi. Kisha lifungue boksi hapo hapo karibu na mikanda ya mizigo. Ukikuta ufa, nenda dawati la mizigo la kampuni iliyokuleta, andikisha ripoti, uondoke na nakala. Madai ya uharibifu lazima yafike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na siku hizo huisha upesi mtu akiwa kwenye sherehe za kukaribishwa. Kwa mzigo uliochelewa ni siku 21. Tunza lebo, picha, na boksi lenyewe na povu lake hadi ujibiwe.

Wenye kwao Bukavu au Goma, ambako uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, wanashukia Kigali na kumalizia kwa barabara. Lifungue boksi Kigali, ukague, kisha ulifunge tena kwa selotepu ile ile ya mkobani. Kwenye gari lisimame wima nyuma ya kiti cha mbele, lishikiliwe na mtu, si juu ya keria.